Mbayuwayu wa Mashimo ya Muhanga

Kuna ndege wa angani ambaye watoto wake huanguliwa chini ya ardhi. Hufika kwenye nyanda za juu za Njombe na Makete mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati majani yaliyoungua katikati ya kiangazi yameanza kuchipua upya. Huruka chini chini, kifua kikikaribia kugusa nyasi, akikata kushoto, akirudi, akifuata mkondo wa bonde hadi penye unyevu na kugeuka tena. Halafu hayupo. Hakutua popote, maana pale hakuna mti wala waya wa kutua. Ameingia ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga, karibu kwa kasi ileile aliyokuwa nayo angani, na mtu aliyechelewa kutazama atakuambia kwamba mlima huo hauna ndege.

Huyu ni mbayuwayu wa buluu. Katika vitabu vya sayansi anaitwa Hirundo atrocaerulea, jina alilopewa na Msweden Carl Jakob Sundevall mwaka 1850. Uzito wake haufiki gramu 15. Buluu yake ni ya giza, yenye mng'ao wa chuma, na siku ya mawingu hutaiona kabisa. Utaapa kwamba ndege ni mweusi tii. Ndiyo maana wengi humchanganya na wale mbayuwayu wadogo weusi wanaozunguka kandokando ya misitu ya milima hiyohiyo, ambao hawana mng'ao huo wa chuma, na ambao bado wapo wengi. Dume wa buluu hujitambulisha kwa mkia: manyoya mawili ya pembeni ni membamba na marefu kupita mwili wenyewe unavyoelekea kustahimili. Wakati wa kuchumbia hufunua pia manyoya meupe yaliyofichika ubavuni na kiunoni, ambayo siku nyingine huwezi kuyaona. Jike mkia wake ni mfupi, na vijana wana koo lenye rangi ya kahawia. Sauti yao ni nyembamba, bii-bii-bii, na upepo wa mlimani huimeza mara moja.

Wamebaki wachache. Makadirio yanayotumika zaidi yanataja ndege wakomavu wasiofika 2,500 duniani kote, na dunia hapa maana yake ni Afrika tu, kwa sababu huyu hatoki nje ya bara hili. Mkataba wa kimataifa wa wanyama wahamao, ule uliotiwa saini Bonn, umemweka kwenye kiambatisho chake cha kwanza, mahali pa viumbe walio taabani. Huko Afrika Kusini, alikogunduliwa na wanasayansi, zimebaki jozi zisizofika 100. Huzaliana pia kwenye milima ya mashariki ya Zimbabwe, kwenye tambarare za juu za Nyika zilizogawanywa kati ya Malawi na Zambia, kwenye milima ya Marungu huko Kongo, na kusini mwa Tanzania. Kila sehemu ni kisiwa. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna nchi ya joto ambayo haimfai.

Tukisikia habari za ndege wahamao, akili zetu hukimbilia Ulaya. Shuleni tulifundishwa kwamba wao hukimbia theluji, sisi tunawapokea, na mwezi wa tatu wanarudi kwao. Sisi ni hoteli, kwao ni kwingine. Mbayuwayu wa buluu anaivuruga hadithi hiyo. Anachokimbia yeye ni kipupwe. Juni na Julai huko Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600, asubuhi majani huwa meupe kwa barafu nyembamba, na vijidudu vinavyoruka, ambavyo ndivyo chakula chake chote, hupungua sana. Kwa hiyo Aprili anaondoka kuelekea kaskazini, kwenye bonde la Ziwa Viktoria: magharibi mwa Kenya, kusini mwa Uganda, na ng'ambo ya hapo hadi kaskazini mashariki mwa Kongo. Anafika mvua za masika zikiwa zimenyesha, mbuga za kandokando ya ziwa zina maji, na nzi na mbu hawana idadi. Hukaa huko hadi Septemba.

Kwa kipimo cha ramani, kutoka Kitulo hadi Ghuba ya Sango, pale Uganda na Tanzania zinapokutana magharibi mwa ziwa, ni pungufu ya kilomita 1,000. Wale wa Mpumalanga, Afrika Kusini, wana karibu kilomita 3,000 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Kwa vyovyote vile hakuna Mzungu wa kulaumiwa wala wa kungojewa. Mtu wa Makete ana nusu ya mwaka wa ndege huyu, mtu wa Homa Bay na wa Masaka wana nusu nyingine, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia akitajwa redioni.

Turudi shimoni, kwa sababu mambo mengi yako huko.

Jozi ya mbayuwayu wa buluu haichimbi. Midomo yao ni mifupi na laini, ya kukamatia nzi, na miguu yao hata kutembea vizuri haiwezi. Wanachojua ni kujenga kwa tope. Huokota tope kwenye ukingo wa kijito, donge moja dogo kila safari, wakalichanganya na vipande vya nyasi ili likikauka lisipasuke, na kulibandika kwenye dari au ukuta wa shimo hadi linapokuwa nusu ya kikombe iliyogandamana na udongo. Ndani wanatandika vijizizi vyembamba, na juu ya vijizizi manyoya, na hapo wana upendeleo ambao watafiti wameuona tena na tena: wanapenda manyoya meupe. Ukiingiza kioo kidogo chenye mpini na tochi, kitu cha kwanza kukujia machoni katika giza lile ni weupe huo. Baada yake ndipo unapoona mayai, kwa kawaida mawili au matatu, meupe yenye madoa ya kahawia. Jike ndiye anayeatamia, kwa wiki mbili hivi. Makinda hukaa kwenye tope wiki tatu au zaidi, na msimu ukiwa mzuri wazazi huanza upya na kulea uzazi wa pili kabla ya safari. Wakati mwingine huonekana ndege wa tatu akisaidia kulisha. Na shimo likidumu, mwaka unaofuata hurudi humohumo, wakarekebisha kikombe kilekile badala ya kujenga kingine.

Maisha haya yote yanategemea mnyama ambaye wenyeji wengi wa milima hiyo wanamjua kwa kazi yake tu, si kwa sura. Muhanga hutembea usiku, peke yake, akitafuta mchwa na sisimizi. Ana makucha ya kuchimba udongo mgumu kuliko jembe lolote, na akishachimba kwa ajili ya kula au kulala huliacha shimo na kwenda kuchimba jingine. Mashimo hayo hurithiwa na nungunungu, ngiri, nyoka, na mahali hapa, mbayuwayu. Penye nyasi tambarare zisizo na miamba wala pango, muhanga ndiye fundi pekee wa nyumba. Wafugaji hawampendi sana. Ng'ombe akitumbukiza mguu shimoni ni hasara, kwa hiyo mashimo hufukiwa, na muhanga mwenyewe akionekana hupigwa, kwa nyama au kwa imani fulani fulani. Anayefukia shimo mwezi wa kumi na moja hajui kwamba kuna kikombe cha tope kwenye dari yake. Atajuaje?

Mahali pengine ardhi yenyewe huchimba: maji ya mvua hula udongo kutoka chini hadi juu pakadidimia. Na Kaapsehoop, kwenye kingo za milima ya Mpumalanga, watu waliokuja kutafuta dhahabu miaka ya 1880 walichimba mashimo ya kujaribia bahati huku na kule, wakakosa au wakapata kidogo, wakaenda zao. Mbayuwayu wakahamia mashimo hayo. Leo sehemu ile ni hifadhi yao. Huwa nafikiri kwamba katika historia yote ya uchimbaji madini Afrika, hao ni miongoni mwa wachache sana walionufaika bila kumdhulumu mtu.

Sasa nyasi zenyewe. Nyika za milimani tumezoea kuzisoma kama kovu: hapa palikuwa na msitu, watu wakafyeka, wakachoma, zikabaki nyasi. Kwa sehemu nyingi ni kweli. Kwa nyanda hizi si kweli, au si kweli yote. Wanaochunguza chavua iliyozikwa katika matope ya mabwawa ya milimani, tabaka kwa tabaka, wamekuta kwamba nyasi zimetawala tambarare za namna ya Nyika kwa maelfu ya miaka, muda mrefu kabla ya shoka la chuma. Ushahidi mwingine unatembea na kuruka. Mimea na ndege wasiopatikana penginepo ila kwenye nyasi hizo hawawezi kuwa wamejitokeza juzi, baada ya msitu kufyekwa. Mwaka 1933 Hubert Lynes, admirali mstaafu wa Kiingereza aliyetumia uzee wake kufuatilia videge wadogo wa nyasini, alimpa mmoja wao jina la Njombe, Cisticola njombe. Anaishi kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Malawi, basi. Ndege wa namna hiyo hutengenezwa na muda mrefu sana wa nyasi.

Kitulo wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Wazungu waliipa jina la Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyeivuka mwaka 1877 na kufa Ugogo kabla mwaka huo haujaisha. Baadaye pakawa na shamba la mifugo la serikali, na pembezoni pareto na viazi mviringo. Kisha ikaja biashara ya mizizi ya okidi: wanawake na vijana walikuwa wakichimba viazi vidogo vya maua hayo na kuviuza kwa wafanyabiashara wa kuvuka mpaka, vikaliwe Zambia kama chikanda. Mwaka 2005 sehemu ya tambarare, kilomita za mraba zipatazo 412, ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na inasemwa ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Kwa mbayuwayu ilikuwa bahati ya kudandia. Okidi ndizo zilizoombewa ulinzi. Yeye alikuwa abiria.

Nje ya mpaka wa hifadhi hakuna bahati hiyo. Mwaka 1949 shirika la maendeleo la kikoloni la Waingereza lilianzisha kampuni ya miwati pale Njombe, maganda yake yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Upande wa Mufindi, nyasi za Sao Hill zikageuzwa shamba la miti la serikali ambalo leo ndilo kubwa kuliko yote nchini, misindano mistari kwa mistari hadi macho yanachoka. Chai ikachukua sehemu yake. Na katika miaka ishirini iliyopita wimbi limekuwa la wananchi wenyewe. Dar es Salaam inajengwa kwa mbao. Dalali anapanda na lori hadi kijijini. Kila mwenye ekari mbili tatu za nyasi anajua kwamba akipanda misindano au milingoti (mikaratusi) leo, mtoto aliye darasa la kwanza atasomeshwa chuo kwa miti hiyo. Wapo pia wanaoishi mjini wasiolima chochote ila wana shamba la miti Makete, limeandikwa kwenye daftari pamoja na akiba ya benki. Siwezi kuwacheka. Mimi mwenyewe meza ninayoandikia ni ya msindano, na anayeiangalia nyika kwa jicho la mwenye ada ya kulipa Januari ataona nafasi, si ndege.

Ila tusidanganyane kuhusu kinachotendeka. Anayepanda msitu mahali pa nyika amefyeka nyika. Kivuli kikishafunga, nyasi hufa, na zikifa hazirudi kirahisi hata miti ikivunwa, maana sehemu kubwa ya uhai wake iko chini, kwenye mizizi na vikonyo vilivyochukua vizazi kujijenga. Muhanga huhama. Mbayuwayu, anayehitaji uwazi wa kuwindia na mdomo wa shimo usiozibwa, huzunguka msimu mmoja juu ya miche iliyofika magotini, labda na wa pili. Baada ya hapo hana la kufanya pale.

Kinachomkosesha huyu ndege wakili ni kwamba aliyemfukuza amefanya jambo jema. Mti katika lugha ya viongozi wetu hauna mabaya. Kenya imeahidi kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ya kazi ili ikapande. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha ramani ya dunia ikionyesha mahali ambapo miti zaidi ingeweza kuota ili kupunguza joto, ikavuma kote; miezi michache baadaye wataalamu wa nyasi wakajibu katika jarida hilohilo kwamba sehemu kubwa ya maeneo hayo ni savana na nyika za asili, si majeraha yanayongoja kushonwa. Majibu hayakuvuma. Wangari Maathai aliipigania miti ya asili irudi mahali ilipong'olewa, kwenye vyanzo vya mito na kandokando ya mashamba yaliyokwisha rutuba, na huko ndiko miti inakotakiwa hasa. Tatizo linaanza pale kampeni inapohitaji ardhi ya haraka, isiyo na nyumba wala mahindi, na macho yote yanageukia nyasi. Wahenga wa siku hizi wanasema akili ya kuambiwa changanya na yako. Anayeambiwa "panda mti" aulize kwanza: juu ya nini?

Swali hilo lina jibu la maji pia, na hapa nina takwimu ninazozipenda kwa ukali wake. Huko Mokobulaan, kwenye milima ya Mpumalanga, watafiti walikuwa na vibonde vya nyasi vilivyopimwa maji yake kwa miaka. Mwaka 1969 kimoja wakakipanda milingoti. Miaka tisa baadaye kijito chake kilikauka kabisa. Kingine walikipanda msindano wa aina ya patula, huohuo unaotawala Sao Hill na Makete, nacho kikakauka mwaka wa 12. Milingoti ilikatwa yote ikiwa na umri wa miaka 16; kijito hakikurudi kutiririka sawasawa hadi miaka mitano baadaye, kwa sababu miti ilikuwa imenyonya hata akiba iliyo ndani kabisa ya ardhi. Afrika Kusini haikuyapuuza matokeo ya namna hii. Sheria yake ya Maji ya mwaka 1998 inaihesabu biashara ya kupanda miti kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito, na mwenye shamba la miti huhitaji kibali cha maji ingawa hafungui bomba hata moja.

Kitulo ni mojawapo ya mahali Ruaha Mkuu unapoanzia. Maji yale hushuka Usangu, kwenye mpunga, kisha hifadhini kwa viboko, kisha kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Nyasi za milimani, pamoja na ukungu zinaoukamata na udongo mweusi zinaoushika, hunywa kidogo na kuachia polepole. Mbayuwayu hajui habari za Mtera. Lakini uwindaji wake unafuata ramani hiyohiyo ya maji: anapenda mpaka wa nyasi kavu na majimaji, chini ya bonde, ambapo wadudu huinuka kwa wingi. Hapo ndipo pia watu wa Njombe na Iringa hulima vinyungu, bustani za kiangazi za mahindi ya kuchoma na mboga. Na vinyungu vikiongezeka, bonde likipasuliwa mifereji, ukingo huo wa unyevu husinyaa hadi ukawa mfereji mmoja katikati ya matuta. Ndege hupoteza meza huku nyumba yake ikiwa bado ipo juu ya kilima.

Huku ziwani mambo yana kichekesho chake. Bonde la Lambwe, Homa Bay, limebaki na nyasi kwa sababu ya mbung'o. Kwa vizazi watu walilikwepa. Ng'ombe walikufa kwa nagana na watu kwa malale, na mlipuko wa 1980 uliwafanya wakuu watume ndege za kunyunyizia dawa mwaka uliofuata. Mdudu aliyetesa kaunti nzima ndiye aliyezuia jembe. Pale pakatengwa mbuga ya wanyama mwaka 1966, baadaye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, ambapo wamo korongo, yaani wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, wa mwisho kabisa Kenya. Mbayuwayu wa buluu hutua humo kuanzia Aprili, wakiwinda juu ya nyasi ambazo mbung'o alizilinda bila kutumwa.

Kwingineko hakukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Mbuga za Busia, ambazo wachunguza ndege wa Kenya waliziorodhesha kuwa miongoni mwa maeneo muhimu kwa ndege hawa, ni ardhi ya watu binafsi, imegawanywa viwanja, na kila kiwanja kina mwenyewe mwenye haki ya kulima muwa au mhogo. Ghuba ya Sango ina mbuga zinazofurika msimu kwa msimu, zikipakana na nyasi na msitu wa Minziro upande wa Tanzania, na huko pia muwa umekwishaingia. Sioni wa kumshitaki. Ndege anayekaa miezi mitano kwa mtu, asiyeimba wimbo wa kukumbukwa, asiyekula mazao wala kuleta watalii wengi, anapita bila kuacha deni.

Nadhani uhifadhi wake hautatoka kwenye mabango. Hifadhi tunazo: Kitulo, Nyika, Ruma, Kaapsehoop. Lakini ndege wengi wa kutosha kuitwa kizazi wanahitaji pia nyasi zilizo mikononi mwa vijiji, na hapo kuna karatasi moja ambayo ina nguvu kuliko mkataba wa Bonn. Ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kamati hukaa na ramani na kugawa: makazi, kilimo, msitu, malisho. Nyika haina kisanduku chake. Ikiwekwa kwenye "msitu", mwaka unaofuata inapata miche kwa nia njema. Ikiwekwa kwenye "kilimo", inapata miche kwa nia ya fedha. Kisanduku pekee kinachoweza kumwacha mbayuwayu hai ni "malisho", na mshirika wake pekee pale kijijini ni mwenye ng'ombe, yuleyule anayemlaani muhanga. Ng'ombe wachache wakila majani kwa kiasi, nyasi hubaki fupi na uwindaji hubaki wazi. Wakizidi, udongo hukandamizwa na mashimo huporomoka.

Kisha kuna moto. Nyasi hizi zimeishi na moto siku zote. Zisipoungua kabisa hushikana, hukauka juu, na vichaka huanza kuingia. Swali ni mwezi gani. Anayechoma Juni au Julai, umande ukiwa bado mzito na upepo haujakolea, huacha viraka, na Septemba majani mapya yapo tayari. Anayechoma mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu mvua imechelewa na mbuzi wana njaa, anachoma wakati jozi zimeshachagua mashimo na tope limeanza kubandikwa. Sheria ya mazingira inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vijiji vinaijua kwa sababu ya vinyungu. Sijaona sheria ndogo ya kijiji inayotaja tarehe ya moto pamoja na sababu yake. Ningekuwa kwenye kamati ningeomba hiyo kabla ya kuomba kitu kingine: moto uishe kabla ya Agosti, malisho yabaki malisho angalau kwenye vichwa vya mabonde, na mtu akitaka kufukia shimo la muhanga asubiri hadi Mei, ndege wakishaondoka.